Fundi Makali na Ndege wa Ukungu

Fundi Makali hakupewa jina hilo kwa ajili ya kisu wala panga. Alipewa kwa sababu ya picha zake, zilizokuwa kali mpaka unahesabu kope za mtu, na kwa sababu ya mdomo wake, uliokuwa mkali zaidi. Akikupiga picha, kipele chako kilionekana; akikusema, ukoo wako mzima ulionekana. Na watu walimwendea hivyo hivyo. Mwenye harusi hakusema "nataka mpiga picha", alisema "nataka Makali", na akimpata alishukuru, hata kama ametukanwa mlangoni.

Studio kwake, chini ya meza ya kukatia picha, palikuwa na ndoo ya taka, na ndoo hiyo ilikuwa ya picha zenye ukungu tu. Mwanafunzi akileta picha iliyotikisika, Makali hakumwita pembeni kama wenye adabu wanavyofanya. Thubutu! Alingoja wateja wajae, akaiinua juu, akauliza, "Hii ulipiga ukiwa juu ya punda?" Wateja wakiangua kicheko, anaichana vipande vipande. Aliyechaniwa kuliko wote ni mdogo wake wa tumbo moja, aliyemshikia taa tangu ujana wao, mpaka watu wakasahau jina lake wakawa wanamwita Bwana Taa. Siku Bwana Taa alipothubutu kupiga harusi peke yake, Makali alimchania karibu kazi yote mbele ya bwana harusi mwenyewe. "Wewe shika taa," akamwambia. "Kila mtu na riziki yake." Bwana Taa akacheka pamoja na wengine. Alikuwa na kicheko chepesi, kicheko cha mtu asiyeweka kitu moyoni, na Makali alikiamini kicheko kile miaka yote.

Kisha alikuwa na miiko yake. Flashi hapigi: "Flashi ni ya kumulikia wezi." Stendi ya miguu mitatu hatumii: "Mwenye mikono atafute miguu ya nini?" Mwanga uliopo, mikono miwili na pumzi iliyobanwa, basi, hiyo ndiyo kazi. Bintiye, mtoto wake wa pekee, alilelewa katika dini hiyo. Angali mdogo alikalishwa juu ya ile meza, akapewa picha mbili, akaulizwa ipi ya kutupa. Hakukosea hata mara moja. Akishaitupa ndooni, baba yake alimbusu utosini.

Halafu mkono ukaanza. Mwanzo kilikuwa kidole gumba cha kulia, kikisuguana na cha shahada kama mtu anayehesabu noti ambazo hana. Baadaye ukawa mkono mzima, tena ulipokuwa umepumzika ndipo ulipofanya fujo. Aliyejua kwanza ni mkewe, na alijulia kwenye kikombe.

"Mzee wangu, chai inamwagikia sahanini kila asubuhi. Twende hospitali."

"Umekijaza mno."

"Nimekitia nusu."

Makali akanuna, akakisukuma kikombe. Mkewe hakuwa mtu wa kunyamazishwa kwa kununa. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akamwambia.

"Kifo kitanikuta nimeshampiga mwanangu harusi yake. Baada ya hapo na kitetemeke hata kichwa."

Hilo ndilo alilokuwa akilipigania, wala hakuwa na jingine. Binti alikuwa ameshachumbiwa, harusi iko njiani. Makali alimpiga bintiye huyo picha za jino la kwanza, sare ya kwanza, joho la kuhitimu, na hakuna hata picha moja iliyokuwa na ukungu. Aliapa kwamba na gauni la harusi atalipiga yeye, si mwingine, na mpaka siku hiyo hakuna atakayeujua mkono wake zaidi ya mkewe. Nje penye jua angeweza kujificha. Ndani ya kamera mna kijipazia, shata, kinachofunguka na kufunga; kikifanya haraka, mtetemo hauwahi kuingia. Lakini harusi ni ukumbini, na ukumbi una taa za kubembeleza macho. Humo, bila flashi na bila stendi, lazima spidi ya shata ishuke, na spidi ikishuka mkono unasema siri zote. Angeweza kuchukua stendi, jamani! Angeweza kuwasha flashi! Nani angemcheka? Ndio hao hao, wote aliowacheka yeye.

Uongo wenyewe ulimtoka bila kupangwa. Bwana Taa alifungua kwenye kompyuta kazi ya mkutano fulani, akakuta picha nzima nzima zimelowa ukungu. "Kaka, hizi zimekuwaje?"

Makali hakuwahi kukosa jibu, hata pale ambapo kukosa kungemsaidia. "Najaribu spidi ndogo," akasema. "Ndio mtindo wa wakubwa sasa hivi. Unaiacha shata wazi kidogo, mwendo unaingia kwenye picha. Nafanya mazoezi kwa ndege."

"Ndege gani?"

"Ndege, wewe! Hujui ndege?"

Basi ikabidi awatafute hao ndege. Nyuma ya kiwanda cha sabuni palikuwa na bwawa la maji machafu, na kwenye bwawa walishinda yangeyange, weupe pe, wakiokota wadudu kwenye tope kana kwamba hawalioni. Kila asubuhi Makali alikwenda kusimama pale, suruali imekunjwa, mbu wakimla. Na hapa lazima tumpe haki yake, maana lile jambo si mchezo. Ndege akiruka kwa spidi ndogo, unamfuata na kamera kama unavyomfuata kwa macho mtu anayekudai, sawasawa na mwendo wake, wala usimtangulie wala usibaki nyuma. Ukiweza, kichwa chake kinabaki kikali, jicho linang'aa, na mbawa zinageuka moshi. Ukishindwa, unapata doa la maziwa yaliyomwagika. Makali alipata maziwa. Alipata maziwa siku baada ya siku, akalaani ndege, akalaani mbu, akalaani na kiwanda.

Lakini mara moja, mara moja tu, yangeyange mmoja alipita chini kabisa, karibu aguse maji, na mkono wake, sijui kwa huruma gani, ukatulia. Alipoitazama picha, jicho la yule ndege lilikuwa pale, la manjano, kali kama zamani, na mbawa zimelizunguka kama pumzi. Makali alikaa kwenye tope na suruali yake akalia. Alilia kwa furaha, akajiambia amepona. Njiani kurudi alipitia dukani kununua mkate akaangusha chenji yote.

Picha hizo Bwana Taa alizitazama moja moja, bila haraka. Akafika kwenye moja ya yangeyange aliyetua juu ya tawi kavu, akipiga mbawa ajiweke sawa. Mbawa zilikuwa moshi, vizuri. Na tawi? Tawi moja lilikuwa matawi matatu, na nyuma yake bomba la moshi la kiwanda lilikuwa mabomba mawili.

"Kulikuwa na upepo," akasema Makali, na hakuna aliyemuuliza.

"Kweli, kule kuna upepo," akakubali Bwana Taa. Akautazama mkono wa kakake uliokuwa juu ya goti, ukihesabu noti zake. Akautazama kwa muda. Kisha akacheka kile kicheko chake chepesi. "Kaka, hizi si za kufungia ndani. Tuzichape kubwa, tuzitundike hapa studio. Tuwaite na wakwe, waone binti wanayemwoa ni wa nani."

Na Makali, mwerevu yule, aliyeweza kuona uzi umelegea kwenye kifungo cha mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, hakuona kitu. Sifa zikipita puani mwa mtu, macho hufumba yenyewe.

Wakwe walikuja na nguo zao za heshima. Ndege walitundikwa ukuta mzima, soda zikazunguka, watu wakatingisha vichwa kama watu wasioelewa wanavyotingisha. "Hii ni sanaa," akasema mama mkwe mtarajiwa. Binti alisimama pembeni ya baba yake amemshika mkono wa kushoto, kichwa juu, akipokea pongezi kama amezipiga yeye. Hapo Bwana Taa akapiga makofi kuomba utulivu.

"Kaka, tufundishe na sisi wajinga. Spidi ndogo, kinachotembea ndicho kinachopata ukungu, siyo?"

"Ndiyo."

"Na kilichotulia?"

"Kilichotulia kinabaki kikali."

"Ahaa. Sasa hili tawi, kaka, lilikuwa linaelekea wapi?"

Aliyeanza kucheka ni binti. Hakukusudia, alilelewa kucheka pale pale kwenye kitu kama hicho, kicheko kikamtoka kabla hajajua anamcheka nani. Wakwe wakafuata, wakidhani ni utani wa ndugu.

"Kulikuwa na upepo," akasema Makali.

"Upepo wa kutikisa bomba la kiwanda! Basi hapa ndani hakuna upepo." Bwana Taa akamtia kamera mikononi. Ilikuwa imeshaunganishwa kwa waya na kioo kikubwa ambacho wateja huchagulia picha zao. "Mpige mwanao. Amesimama tu, haruki. Spidi ile ile ya ndege, tuone ustadi."

Mtu mwingine angesema amechoka. Angesema tumbo linamuuma. Makali akabana pumzi, akainua kamera, maana hajawahi kukataa kumpiga mtoto huyo. Binti akasimama wima, kidevu juu kidogo, kama alivyofundishwa. Shata ikalia. Kwenye kioo ukaja uso wenye midomo miwili na macho manne, na meno mengi kuliko ya mtu mmoja.

"Jamani," akasema mama mkwe mtarajiwa, kwa ile sauti ya huruma inayouma kuliko tusi, "kumbe mzee anaumwa?"

"Kaka," akasema Bwana Taa polepole, kila neno na nafasi yake, "hii ulipiga ukiwa juu ya punda?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Palikuwa na mafundi wawili watatu mjini waliopita mikononi mwa Makali, nao walialikwa, nani aliyewaalika si unajua. Walicheka mpaka wakashika ukuta.

Wageni walipoondoka, binti alimfuata baba yake chumba cha nyuma, mama yake akiwa nyuma yake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekupiga vizuri tu. Siku yenyewe ningebana pumzi."

"Baba, ni harusi yangu. Sitaki ukungu." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja bei. "Atapiga Baba mdogo. Wewe utakaa na wazazi wenzio."

"Mwanangu," mama yake akaingilia, "hata picha moja huwezi kumwachia? Moja tu, aridhike roho."

"Ipi, mama? Nitajie ile ambayo nikiikosa haitaniuma."

Makali alikuwa ameukalia mkono wake kwenye kiti, akitazama sakafu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikua vizuri sana.

Siku ya harusi Makali alivaa suti na kukaa mbele kabisa, mkono chini ya paja. Mbele yake Bwana Taa alikwenda na kurudi na koti jipya, na kamera ya nduguye shingoni, na mtu mwingine akimshikia taa. Kila bintiye alipogeuka kwenye mwanga, mwili wa Makali uliondoka kidogo kwenye kiti. Alijua wapi pa kusimama. Alijua sasa hivi, sasa, sasa, umemkosa, mjinga wewe. Mkewe alimshika goti.

Ikafika picha ya familia, ile kubwa, ile ya kutundika ukutani. Bwana Taa akaleta stendi, akaifungia kamera juu yake, akawapanga watu kwa adabu zote. Bibi harusi na bwana harusi wakakaa. Wazazi wakasimama nyuma yao.

"Kaka, mwekee bintiyo mkono begani, kama baba. Siyo huo. Wa kulia, ndio wenye baraka."

Makali akauweka.

"Na flashi hatupigi," Bwana Taa akawatangazia wote. "Flashi ni ya kumulikia wezi. Aliyenifundisha ni huyu hapa, kaka yangu." Ukumbi ukapiga makofi, watu wanapenda ndugu wanaopendana. "Haya, tulieni kama maji ya mtungi. Msipumue."

Shata ya haraka husema neno moja. Ya polepole husema mawili, na katikati yake kuna kimya. Makali aliisikia ikifunguka, tak, akangoja neno la pili, nalo halikuja. Katika ukumbi ule wote ni yeye peke yake aliyejua wanafanyiwa nini. Watu wametulia, mkewe ametulia, wakwe wametulia, na mkono wake unakimbia juu ya bega la mwanawe kama panya kwenye dari. Akaukaza. Ukazidi. Kutoka mkononi ukapanda mpaka kidevuni. Binti chini yake hakutikisika hata unywele, alitabasamu kama jiwe. Tak.

"Safi! Moja tena," akasema Bwana Taa, akagusa kitu kwenye kamera, na safari hiyo kimya kilikuwa kirefu zaidi. "Na ya mwisho."

Angeweza kuuondoa mkono. Lakini baba anayeondoa mkono begani kwa mwanawe siku ya harusi, mbele ya wakwe, watu watamsomaje? Akauacha pale pale.

Binti aliporudi kutoka fungate alikuja studio kuchagua. Bwana Taa alikuwa amekaa kwenye kiti cha Makali, mbele ya kompyuta ya Makali. Makali alikaa kwenye benchi la wateja. Picha ikafunguliwa kwenye kioo kikubwa, na kusema kweli ilikuwa nzuri. Nyuzi za gauni zilihesabika. Nywele za kijivu za mkewe zilihesabika. Kila mtu alikuwa mkali kama sindano, na katikati yao, nyuma ya bibi harusi, palisimama suti yenye moshi badala ya kichwa. Na pale moshi uliponyoosha mkono, lesi ya bega la gauni nayo ilikuwa imeyeyuka.

"Picha imetoka," akasema Bwana Taa. "Ila kaka alitikisika."

"Zote?" akauliza binti.

"Zote."

Binti akageuka akamtazama baba yake. Makali alijua kilichofanyika, na nduguye alijua kwamba anajua. Angeweza kusema: huyu aliiacha shata wazi makusudi. Na mwanawe angemuuliza, mbona wenzio walitulia? Akafunga mdomo wake, mdomo ule ule.

Binti aliirudia picha, akaitazama muda mrefu, kichwa kimeinama upande. "Baba mdogo," akasema, "unaweza kumtoa?"

Hata Bwana Taa kicheko kilimkauka. "Kumtoa nani? Baba yako?"

"Baba tunazo zake za nje, penye jua. Amependeza sana. Hii ndiyo ya ukutani, Baba mdogo. Wageni wataiona kila siku."

Bwana Taa akamtazama kakake, mara ya kwanza bila kucheka, kisha akashika kipanya, akaanza kufuta. Akafuta kwa pupa, kama alivyofanya kila kitu maishani mwake, na alianzia mkononi. Lesi ya gauni ikaanza kuondoka nao.

Makali akainuka kwenye benchi. Akaenda kusimama nyuma ya kiti, mikono ameifumbata mgongoni.

"Usianzie mkononi, utaharibu gauni," akasema. "Bega la kushoto ni zima. Linakili, uligeuze, ulilete upande huu. Na kivuli changu ukutani usikisahau, watu watauliza ni cha nani."

"Msikilize, Baba mdogo," akasema binti. "Yeye ndiye anayejua."

"Nianzie wapi basi?"

"Kichwani," akasema Makali. "Halafu ushuke."

Bwana Taa akaanzia kichwani.